Tetemeko kubwa likipiga Tokyo na treni zikasimama, nitamfikiaje mwanangu?

MamaWaToda

Ndugu zangu mnaoishi Japani, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba na huu ni mwaka wangu wa pili hapa. Ninafanya kazi Shinjuku, kwenye ghorofa ya 19 ya jengo lililo upande wa magharibi wa stesheni, na ninaishi na mume wangu pamoja na binti yetu wa miaka 3 mjini Toda, mkoa wa Saitama, ng'ambo ya mto Arakawa. Mume wangu anafanya kazi Yokohama. Kwa hiyo kila siku ya kazi mtoto hubaki Toda katika kituo cha kulelea watoto, mama yake akiwa umbali wa kilomita zipatazo 15 na baba yake akiwa mbali zaidi ya hapo, na kinachotuunganisha naye ni reli peke yake, kwa sababu hatuna gari.

Jambo hili halijanitoka moyoni tangu juma lililopita, treni ya Saikyo niliyokuwamo iliposimama ghafla baina ya Ikebukuro na Itabashi huku simu za abiria wote zikilia kwa pamoja. Mtikisiko wenyewe ulikuwa mdogo na tuliendelea na safari baada ya dakika chache, lakini katika dakika hizo nilikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotupiga Kagera. Nilikuwa sokoni Bukoba mjini. Nyumba zilianguka na watu walipoteza maisha, ila usafiri haukunishinda siku ile: nilipata bodaboda, tukapita vichochoroni palipokuwa na vifusi, na kabla ya saa moja kwisha nilikuwa nimesimama uani kwa mama yangu. Hapa sina bodaboda, sijui vichochoro, na njia pekee ninayoijua ya kwenda nyumbani ni ile iliyochorwa kwenye ramani ya reli.

Naomba kujua mambo haya kwa mtu aliyeyapitia. Tetemeko kubwa likitokea mchana wa siku ya kazi, treni husimama kwa muda gani? Je, niondoke mara moja kwa miguu kumfuata mtoto, na kama ndiyo, nipite wapi? Na mabasi je, hufanya kazi?

Msafiri wa Nerima

Dada, pole kwa hofu hiyo, ambayo mimi naiona ni hofu ya haki kabisa. Nimeishi Tokyo tangu mwaka 2006, na nitakueleza siku ya Ijumaa, tarehe 11 Machi 2011, jinsi nilivyoiona mwenyewe, maana nilifanya kosa ambalo nisingependa ulirudie.

Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitokea baharini, mbele ya pwani ya Tohoku, yaani kaskazini-mashariki mwa Japani, saa 8:46 mchana. Tokyo ilikuwa mbali na kitovu, na hata hivyo mtikisiko katika kata zake ulifika daraja la tano la juu kwenye kipimo cha Kijapani, ambacho daraja lake la mwisho ni la saba. Reli zote za mkoa zilisimama. Ofisi yangu ilikuwa Shiodome, karibu na ghuba, na nyumba yangu ilikuwa Hikarigaoka, kata ya Nerima, ambako ndiko mwisho wa njia ya Oedo ya reli ya chini ya ardhi. Simu hazikupatikana kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga. Saa 11:30 jioni, kabla hata ya kutangazwa lolote la uhakika, nilivaa koti na kuanza kutembea, kwa sababu mke wangu alikuwa nyumbani na mtoto mchanga na sikuweza kukaa kitini.

Njiani nilidhani nimepata bahati nilipoona basi la jiji likiwa limefungua milango. Nilipanda, nikasimama humo zaidi ya saa nzima, na katika muda huo basi lilipita vituo vitatu. Barabara zote zilikuwa zimejaa magari ya watu waliokuwa wakienda kuwachukua ndugu zao, na niliona gari la zimamoto likiwa limekwama nyuma yetu huku taa zake zikizunguka bila ya kusogea. Nilishuka. Watembea kwa miguu walikuwa wamejaa hadi kando ya barabara, tukienda kwa hatua za mtu anayesubiri zamu yake. Nilipofika Shinjuku ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, nami niliona watu wakishuka kwenye ngazi za reli ya chini ya ardhi. Nilifikiri wanakimbia baridi. Nikaendelea kutembea, na nilifika nyumbani saa saba usiku, soksi zikiwa zimegandia kwenye malengelenge.

Siku ya pili ndipo nilipojua kwamba njia ya Oedo, ile ile inayotoka Shiodome hadi mlangoni kwangu, ilikuwa imeanza tena kutoa huduma saa 2:40 usiku, pamoja na njia ya Ginza. Kama ningekaa ofisini saa tatu zaidi, ningerudi kwa treni. Wakati ule ule, treni za JR, ile kampuni kubwa ya reli ambayo wewe unaitegemea kwa Saikyo, zilikuwa na habari nyingine: mnamo saa 12:20 jioni ilitangazwa kwamba hazitarudi siku hiyo kabisa, na baadhi ya stesheni kubwa zikafunga milango watu wakiwa nje kwenye baridi, jambo lililolaumiwa sana baadaye.

Serikali ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 5.15 walikwama usiku ule katika Tokyo na mikoa inayoizunguka. Kutokana na funzo hilo, mkoa wa Tokyo ulitunga sheria ndogo iliyoanza kutumika Aprili 2013, ambayo kiini chake ni kwamba watu wasianze kusafiri ovyo baada ya tetemeko. Waajiri wanatakiwa kujitahidi kuwaweka wafanyakazi ndani ya majengo yaliyo salama, wakiwa na akiba ya siku 3 kwa kila mtu, yaani lita 3 za maji kwa siku na milo 9 kwa jumla. Siku 3 hizo zina maana yake: ndio muda ambao waliofunikwa na vifusi bado wanaweza kutolewa hai, na kila mtu anayejaza barabara katika muda huo analizuia gari la kuwaokoa.

Usisahau pia kwamba mwaka 2011 Tokyo haikubomoka. Tetemeko linalohofiwa ni lile litakalotokea chini ya jiji lenyewe, ambapo kutakuwa na moto, vioo vinavyodondoka kutoka juu na madaraja yaliyofungwa. Kutembea kilomita 15 katika hali hiyo, saa za mwanzo, usiku, si sawa na matembezi yangu yale. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba usiondoke mara moja. Najua namwambia nani maneno haya. Mama kuambiwa akae mbali na mtoto wake ni jambo zito, lakini mtoto wako atakuwa mahali penye watu wazima, maji na chakula, na kituo hakimwachi mtoto aende mpaka mtu aliyeandikishwa afike kumpokea. Mtoto akisubiri usiku mmoja na walezi wake, atakuwa salama kuliko mama anayepita gizani chini ya majengo yaliyopasuka.

Fundi wa Nguzo

Nakubaliana na Msafiri, na ningependa kuongeza upande wa kazi yetu. Nimesomea uhandisi wa ujenzi hapa na kwa miaka 6 nimekuwa katika vikosi vya kukagua nguzo na madaraja ya reli, kwa hiyo naweza kumweleza dada kwa nini treni moja hurudi baada ya saa 6 na nyingine hukaa wiki.

Kando ya reli kuna vipima-mtetemo. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko, ambayo ni mepesi, hufika kabla ya yale mazito, na mfumo unapoyatambua hukata umeme au kuamuru breki kabla mtikisiko mkubwa haujafika. Ndiyo maana mwaka 2011 hakuna treni ya Shinkansen, yaani ya mwendo kasi, yenye abiria iliyoacha reli katika Tohoku, ingawa zilikuwa nyingi njiani. Hatua hiyo ni ya sekunde chache, na kinachochukua muda ni kinachofuata. Mtikisiko ukipita kiwango kilichowekwa, treni hairuhusiwi kuendelea mpaka watu wapite kwa miguu kwenye njia nzima, wakiangalia reli, waya za juu, nguzo na mahandaki, na tetemeko jingine kubwa likipiga katikati ya kazi, tunarudia. Njia fupi inayomilikiwa na mji au kampuni moja, na inayokaguliwa na watu wake yenyewe, hufunguliwa mapema. Mtandao mrefu wenye mamia ya kilomita, njia zake zikiingiliana, hauwezi kwenda kwa kasi hiyo. Kwa hiyo katika hesabu zako, dada, uichukue njia ya Saikyo kuwa miongoni mwa zitakazochelewa.

Hata tetemeko la wastani hutosha kuvuruga jiji. Tarehe 7 Oktoba 2021, saa 4:41 usiku, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea mkoani Chiba. Treni ndogo ya Nippori-Toneri, katika kata ya Adachi, iliacha njia yake, na watu wengi walilala nje ya stesheni au kwenye foleni za teksi. Siku 4 zilipita kabla ya njia ile kufunguliwa.

Ukiwa ndani ya treni iliyosimama, tafadhali usifungue mlango kwa mkono na kurukia chini, hata ukiwaona wengine wakifanya hivyo. Treni ya upande wa pili inaweza kuwa bado haijasimama, na katika njia za Ginza na Marunouchi kuna reli ya tatu, kando kabisa ya zile mbili, inayobeba umeme wa volti 600. Subiri wahudumu; watashusha ngazi na kuwaongoza abiria kwa mstari hadi stesheni ya karibu. Chini ya ardhi mtikisiko kwa kawaida huwa mdogo kuliko juu, na hatari kubwa huko ni watu kukimbilia ngazi moja kwa wakati mmoja.

Sasa kuhusu njia yako. Wewe umeikariri Saikyo kwa sababu ndiyo inayokufikisha moja kwa moja, lakini kuna njia ya pili ambayo ningependa uijaribu siku ya kawaida. Pale Shinjuku panda njia ya Shinjuku ya reli ya chini ya ardhi ya mkoa, ushuke Jimbocho, uingie njia ya Mita inayoelekea kaskazini, ushuke Shimura-Sakaue. Huo ni mzunguko mrefu, na nauli ni kubwa zaidi, ila njia zote mbili ni za mwendeshaji mmoja, ndiye yule yule mwenye njia ya Oedo iliyorudi usiku wa mwaka 2011, na Shimura-Sakaue ndiyo stesheni ya mwisho kabla ya treni ya Mita kutoka juu ya ardhi na kupanda kwenye nguzo. Nguzo zikichukua muda kukaguliwa, huduma ya chini inaweza kuanza peke yake kabla. Kutoka hapo unafuata barabara kuu namba 17, ambayo ni Nakasendo, njia kuu ya wasafiri wa zamani, unateremka kilima, na kwa mwendo wa nusu saa hivi unafika daraja la Toda. Ukivuka, upo mjini kwako.

Jambo dogo la nauli, maana huwachanganya wageni: njia moja ikisimama, wenye tiketi au pasi ya mwezi iliyolipiwa huruhusiwa kutumia njia nyingine zilizotajwa bila malipo ya ziada, lakini mwenye kadi iliyowekwa fedha tu, akikatwa kwa kila safari, hana haki hiyo. Na umeme ukikatika, kadi haitakusaidia kwenye basi wala dukani. Weka noti ndogo na sarafu za yeni 10 na 100 ndani ya mkoba wako wa kazi.

Baharia wa Kobe

Wanangu, mimi ni mtu wa Mombasa; meli ilinileta Kobe mwaka 1991 na hapa ndipo nilipooa. Mmezungumza vizuri juu ya usiku wa kwanza. Niruhusuni niseme juu ya wiki zinazofuata, maana tetemeko likipiga chini ya mji wenyewe, swali la usafiri huwa la miezi.

Letu lilipiga tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, na likaua watu 6,434. Lau lingechelewa robo saa, treni za kwanza za Shinkansen zingekuwa zimekwisha kuondoka, na madaraja ya reli yao yalikuwa yameanguka chini. Barabara ya juu ya Hanshin ililala ubavu kwa urefu wa mita 635. Kobe ni mji mwembamba uliobanwa baina ya milima ya Rokko na bahari, na katika ukanda huo zimepita reli tatu za kwenda Osaka, karibu karibu kama vidole vya mkono: JR, Hankyu na Hanshin. Watu walikuwa wakisema kwamba moja ikikatika, zipo mbili. Asubuhi ile zilikatika zote tatu.

Nilikaa karibu na stesheni ya Rokkomichi, ambayo iliporomoka, na kazi yangu ilikuwa bandari ya Osaka. Kwa siku za mwanzo treni za kutoka Osaka zilikuwa zikifika Nishinomiya-Kitaguchi na kurudi, kwa hiyo watu wa Kobe walitembea hadi huko, mimi kutoka kwangu ikiwa kilomita kama 12, kila mmoja na begi mgongoni na kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi la nyumba zilizobomoka. Wengine walipitia baharini. Boti zilipelekwa kuwabeba watu baina ya bandari hizi mbili, na mimi nilipopanda mara ya kwanza, nikauona mji kutoka majini, nililia. Baada ya siku 6 yakaanza mabasi ya badala ya treni. Siku za awali yalikuwa yakikwama katika foleni moja na malori, na kusubiri kwake kulikuwa kwa saa nyingi, mpaka yalipotengewa mkondo wake peke yake barabarani, polisi wakiuzuia kwa magari mengine. Hapo ndipo basi likawa na maana. Basi lisilo na njia yake katika mji uliovunjika haliwezi kumshinda mtu anayetembea, kama Msafiri alivyojionea.

Reli yenyewe ilirudi vipande vipande, nasi tulihesabu vipande hivyo kama mtu anavyohesabu siku za Ramadhani. Mwishoni mwa Januari treni ya JR ikafika Ashiya. Tarehe 8 Februari ikafika Sumiyoshi, na mwendo wangu wa kilomita 12 ukawa wa kilomita 2 na kidogo. Upande wa magharibi nako ikafunguliwa kutoka katikati ya mji hadi Nada, na kipande kifupi cha katikati kikabaki cha basi. Tarehe 1 Aprili pengo hilo likazibwa, siku 74 baada ya tetemeko, na Hankyu na Hanshin zikafuata mwezi wa Juni.

Kwa hiyo, mwanangu wa Toda, usijifunze njia moja tu wala mbili. Jua umbali wa kila kipande cha safari yako kwa miguu, stesheni hadi stesheni, kwa sababu huenda safari yako ya kazini ikawa ya treni kidogo, basi kidogo na miguu kidogo, na kila wiki hesabu hiyo itabadilika. Na nunua baiskeli, ikiwa huna. Katika Kobe mwenye baiskeli alikuwa tajiri, ingawa tairi zilitobolewa na misumari na vioo kila siku, kwa hiyo ujifunze na kuziba pancha.

Nyota ya Sendai

Mzee, shikamoo, na poleni nyote. Nitasema machache kutoka kaskazini, nilikokuwa mwanafunzi mwaka 2011. Kwetu kilichokosekana kilikuwa mafuta. Mabasi ya mji yalikuwepo na madereva walikuwepo, lakini safari zilipunguzwa kwa kukosa dizeli, na foleni za magari kwenye vituo vya mafuta zilianza usiku wa manane. Reli ya chini ya ardhi ya Sendai ilirudi tarehe 14 Machi kwa sehemu yake ya kusini tu, kutoka Tomizawa hadi Dainohara, na njia nzima ikakamilika tarehe 29 Aprili, siku ile ile Shinkansen ya Tohoku ilipounganishwa tena mwanzo hadi mwisho. Uwanja wa ndege wa Sendai ulikuwa umefunikwa na tsunami, kwa hiyo waliotaka kuondoka walivuka milima kwa basi hadi Yamagata na kupanda ndege huko. Ajabu yake ni kwamba njia ya kutoka ilikuwa upande ambao katika siku za kawaida hakuna aliyekuwa akiuelekea.

Nilichokihifadhi moyoni ni habari ya reli ndogo ya Sanriku, iliyo pwani ya Iwate. Siku 5 tu baada ya tetemeko ilianza kupeleka treni kati ya Kuji na Rikuchu-Noda, kipande kifupi kilichokuwa kimesalimika, na wazee waliitumia kwenda kutafuta ndugu zao na kununua chakula. Kuna mahali pengine pwani ambapo reli haikurudi kabisa: sehemu kubwa ya njia ya Kesennuma iligeuzwa kuwa barabara ya mabasi pekee kuanzia mwaka 2012. Wapo wanaosikitika mpaka leo, na ninawaelewa, lakini basi hilo hupita mara nyingi kuliko treni ya zamani, na kwa mwanafunzi wa sekondari asiye na gari hilo ni jambo kubwa.

MamaWaToda

Mzee Baharia, shikamoo. Ndugu zangu wote, nawashukuru kutoka moyoni, kwa sababu mmeniandikia kama mnaomwandikia mtu wa nyumbani kwenu.

Nimezungumza na mume wangu na tumefanya mambo matatu. Kwanza, tumekwenda kituoni kwa mtoto na kuuliza, nao wametuonyesha fomu ya watu wanaoruhusiwa kumpokea mtoto wakati wa maafa. Tulikuwa tumeandika majina yetu mawili tu, yaani watu wawili ambao wote wawili wangekuwa ng'ambo ya mto. Sasa tumemwongeza jirani yetu, mama wa Kijapani anayefanya kazi hapo hapo Toda, ambaye alikubali kabla sijamaliza kuomba, nasi tumeandikwa kwenye fomu ya mwanawe. Pili, tumejaribu simu ya ujumbe wa maafa, namba 171, ambayo hufunguliwa kwa majaribio tarehe 1 na 15 ya kila mwezi. Nilirekodi sauti yangu nikiwa Shinjuku, mume wangu akaisikiliza Yokohama. Tatu, viatu vya raba, tochi na sarafu viko chini ya meza yangu ya kazi.

Nimeamua kwamba nitakaa ofisini usiku wa kwanza. Sikulifikia neno hili kwa urahisi. Lakini bado kuna jambo linanisumbua, ambalo ni mto. Tuseme kumekucha, njia ya Mita imenifikisha Shimura-Sakaue, nami nimefika daraja la Toda nikalikuta limefungwa. Nifanye nini?

Fundi wa Nguzo

Dada, jirani huyo ndiye msaada mkubwa kuliko yote tuliyokuandikia hapa, kwa sababu yeye hahitaji kuvuka mto.

Kuhusu daraja: baada ya tetemeko kubwa daraja linaweza kufungwa hata likiwa zima, mpaka likaguliwe, na mara nyingi magari huzuiwa kwanza. Utamkuta askari au mhudumu. Muulize kama waenda kwa miguu wanaruhusiwa, na akikwambia subiri, subiri. Usipite kando ya uzio. Maungio ya daraja yanaweza kuachana kwa sentimita chache ambazo mtu wa chini hazioni, na tetemeko linalofuata likikukuta katikati ya mto hakuna pa kukimbilia. Likiwa limefungwa kwa muda mrefu, unazo njia mbili nyingine: juu ya mto liko daraja la Sasame, na chini ya mto, upande wa Akabane, liko daraja la Shin-Arakawa linaloingia Kawaguchi. Yote mawili ni mzunguko wa saa kadhaa kwa miguu, kwa hiyo anza asubuhi, usianze alasiri. Njiani angalia maduka madogo ya saa 24 na vituo vya mafuta vyenye kibandiko cha kusaidia wanaorudi nyumbani. Huko utapata maji ya bomba, choo na habari za barabara, bila kulipa, maadamu duka lenyewe limesalimika.

Maelezo ya maandishi yana mpaka wake. Mimi na mke wangu tunakaa Itabashi, na Jumapili ijayo tunakusudia kuitembea njia hii na watoto wetu, kutoka Shimura-Sakaue hadi ukingo wa pili. Hapo karibu na stesheni kuna vilima viwili vidogo vyenye miti, kimoja kila upande wa barabara, vilivyowekwa zamani kuwaonyesha wasafiri wa Nakasendo umbali waliokwenda. Tutakuwa kwenye kilima cha upande wa stesheni saa 4:00 asubuhi. Njoo na mume wako na binti yenu, na jirani naye akipenda. Mtoto wa miaka 3 tutampokezana mabegani akichoka.